Bwana Pak, Mwanao Anataka Kukutengea Meza

Ndugu yangu Pak, jirani wa ukuta mmoja,

Nakuandikia Kiswahili. Ulipokuwa hai tulisemezana kwa Kizungu cha kuokota, chako kibovu, changu afadhali, na nadhani huko uliko sasa lugha si tabu tena. Skuli sikwenda sana, lakini hati yangu nzuri, hilo mtaa wetu mzima wa Edmonton wanalijua. Basi nisikilize, maana mimi nakusikiliza weye kila siku na nimechoka.

Nasikia ndara zako. Nyumba yako kaunsili, serikali ya mtaa, hawajampa mtu bado, tupu, hata pazia hamna, lakini alasiri nikikaa na chai yangu nazisikia zinaburura kutoka jikoni mpaka mlangoni, zinasita, zinarudi. Bi Zuhura ananambia, "Mabomba hayo, mume wangu. Baridi inayakaza." Mabomba! Mtu aliyefanya kazi ghalani kama mimi, nikijua kasha lipi limevunjika ndani kwa kulisikia tu linavyoshuka, leo nisijue mlio wa bomba na mlio wa mtu?

Unakumbuka tulivyojuana? Jioni ya baridi, narudi msikitini, naona mlango wako wazi kabisa, meza imejaa, wali, samaki mzima, matunda yamepangwa kama dukani, na mtu hayupo. Nikasema huyu Mchina ataibiwa. Nikauvuta mlango, pa! Ukatoka chumbani na suti yako, unapiga kelele, "Fungua! Umemfungia baba yangu nje!" Nikatazama barabarani, baba simwoni. Nikakuuliza, "Mzee yuko wapi, nimshike mkono?" Ukanambia kafa. Ukanambia pia wewe si Mchina, Mkorea.

Baba yako alibaki kaskazini vita ilipokata nchi yenu, mama yako akakuvusha mgongoni. Siku aliyokufa hukuijua, ukachagua siku mwenyewe, na kila mwaka ukimtengea meza na kumwachia mlango. Nikakwambia kwetu hiyo shirki. Ukanambia kwenu kumfungia mzazi mlango ndio ushenzi. Urafiki wetu ukaanzia hapo, kwa kutukanana.

Na kwa mengi tulikuwa kitu kimoja. Ulikuwa ukinionyesha kwenye simu vijana wa Seoul wanasukuma vigari vya watoto, ndani mna mbwa kavaa sweta. "Hawaoi," ukasema. "Hawazai. Vijijini skuli zinafungwa. Sisi tulijenga nchi na njaa, hawa wanaogopa hata harusi." Nikakwambia nna watoto saba, njoo uwaazime. Ukacheka mpaka ukakohoa. Sikukwambia kwamba wote saba nikiwasemesha wananijibu Kizungu.

Tulipogombana kweli ni pale rais wenu alipotangaza jeshi lishike nchi. Ulikuja na matunda, mapeasi makubwa ya kwenu, kama siku ya Idi. "Sasa itanyooka!" Nikakwambia, bwana wee, mimi nilikuwa kijana Unguja walipopita watu na bunduki, na kilichonyooka ilikuwa njia yangu ya kukimbia. Ukaninunia.

Lakini uliponiomba nikusindikize mbele ya ubalozi wenu, nilikwenda. Wazee wenzio na bendera, nami ukanipa yangu, nikaipeperusha kuliko wote, maana mimi nikishika kitu nakishika. Ng'ambo ya barabara vijana wenu wanaimba na vitaa vyao vya rangi, wanataka rais aondoke. Katikati yao Suni, binti yako wa pekee. Alituona. Akainua mkono, kidogo tu, kama mtu anayeuliza. Ukageuka ukatazama ukuta.

Kwenye basi nikakwambia, "Yule mtoto kakuamkia."

"Mtoto yupi? Mimi sina mtoto."

Tukashuka Edmonton, wewe mbele, mimi nyuma.

Kisha ukanipa neno la wasia, uani kwako, umejifunga shali. "Haji, nikifa, Suni asinitengee meza. Mwanamke hasimami mbele ya meza ile. Na huyo, hata angekuwa mwanamume, nisingemtaka." Nikaitikia. Kwa nini nisiitikie? Hata kwetu mwanamke hatangulii jeneza. Nikalichukua neno lako kama amana, nawe ukenda zako hospitali, hukurudi.

Jumapili Suni kaja. Kakonda, Pak. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa. "Anko Haji, Alkhamisi inatimia mwaka. Baba aliacha neno juu yangu?"

Ukutani ndara zikasita. Wallahi zikasita.

Nikamwambia yote, hata lile la mwisho. Hakulia. Alikaa anazungusha kikombe mkononi. "Aliniambia mwenyewe kwa simu," akasema. "Nilitaka kujua kama alibadilika." Halafu akasema, "Nitamtengea, Anko. Lakini kwangu Kilburn hajapata kufika, hatopajua. Hapa anapajua. Nakuomba mlango wako."

Nikamjibu nyumba hii haimtengei maiti chakula, si mimi nikiwa hai. "Sawa, Anko," akasema, akainama kuvaa viatu. Bi Zuhura akakusanya vikombe, akinitazama mimi.

Hapo ndipo nikaogopa, mimi ambaye bahari niliyoivuka nikikimbia Unguja haikuniogopesha. Sikukuogopa wewe. Nilimwona mwanangu wa nne, yule niliyemwambia asikanyage mazishi yangu. Nikajiona nami naburura ndara kwenye nyumba tupu, mlango nimejifungia mwenyewe, namsubiri mtoto niliyemkataza.

Nikamwita kabla hajafika barabarani. "Wewe! Alkhamisi laasiri nakwenda msikitini, sirudi mpaka baada ya Isha. Jiko lina gesi. Bi Zuhura macho yake si mazuri, na mlango huu akiuacha wazi mtu, mimi sitakuwapo kuufunga. Nisiloliona silitolei ushahidi." Akaniinamia mpaka kiunoni, pale pale njiani, watu wa basi wanatazama.

Basi amana yako nimeifikisha, usinidai. Ukija Alkhamisi, atakayesimama ni Suni. Kama chakula chake hukitaki, mwambie mwenyewe, uso kwa uso. Mimi maneno yako sibebi tena.

Nduguyo wa upande wa pili wa ukuta,
Haji