Mluzi Katika Kaseti ya Bendi ya Radi

Gisenyi,
2 Machi 1999

Mpendwa dada yangu Languida,

Pokea salamu zangu zinazovuka maziwa mawili mpaka zikufikie hapo Kigoma. Mmeamka salama? Kikohozi cha Tuyisenge kimekwisha? Na mguu wa shemeji Bizumuremyi, je, sasa anatembea bila fimbo? Barua yako ya Noeli niliisoma mara tatu, kisha Mama akaomba nimsomee mara ya nne.

Sisi ni wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua siku za mvua, lakini bado anapanda mpaka kanisani Nyundo kwa miguu na hataki kushikwa mkono.

Hii ni wiki yangu ya saba katika ndoa. Dada, sikujua kwamba mtu anaweza kuamka na kufurahi kabla hajafungua macho. Jado akitoka ofisini kwake kwenye serikali ya komini hunyoosha njia mpaka nyumbani, na asubuhi ananichemshia maji ya kuoga yeye mwenyewe. Nyirasafari, jirani yetu anayeuza samaki wadogo wa sambaza, aliniuliza mbele yake: "We Gwiza, huyu mwanaume ulimulisha nini? Nipe na mimi kidogo, ya kwangu haijui hata jiko iko wapi." Jado alicheka, akaendelea kuchochea moto. Nampenda mpaka naogopa.

Nakueleza furaha yangu kwanza ili ujue ninachokiogopa ninapoandika yanayofuata. Naomba uyasome peke yako, na usimwambie Mama neno lolote.

Siku ya harusi Jado alinipa kaseti. Unaikumbuka Bendi ya Radi, wale wazee wa roki waliokuwa wakipiga magitaa ya umeme Goma tulipokuwa watoto, Papa Janvier akiimba amefumba macho? Bado wapo. Wamehamia Bukavu, nywele zimekuwa nyeupe, na kaseti hii ilirekodiwa ukumbini huko, watu wakiwa wamejaa mbele yao. Aliyeileta ni Viateur, rafiki wa Jado anayefanya kazi katika boti ya Bukavu.

Basi kila Jumapili baada ya misa, Viateur na Nyirasafari huja kwetu kuisikiliza, na kila Jumapili wanagombana juu ya wimbo uleule. Ni wa tatu, ule wa polepole. Katikati ya ubeti wa mwisho Papa Janvier ananyamaza, kama pumzi moja hivi, na anaporudi sauti yake si ile tena. Imepasuka. Unasikia kabisa mtu mzima analia huku anaimba.

Viateur husema, "Mutu anaimba vile hana kitu amebakisha nyumbani. Zamani sauti yake ilikuwa inapanda tu. Leo inakubeba na wewe."

"Ni uzee," Nyirasafari humjibu. "Hata mi nikipandisha kikapu toka ziwani mpaka soko, sauti yangu inalia. Kwa nini hunirekodi?"

"Mama, wewe unalilia samaki. Yeye analilia watu wake."

Jado huirudisha kaseti nyuma tena, anainamisha kichwa, anasema hapana, si uzee wala kilio cha kawaida, mzee alisikia kitu pale. Hawajui alisikia nini. Mimi najua, dada. Nadhani najua.

Katika ile pumzi moja ya kimya, kuna mtu anapiga mluzi. Uko mbali, nyuma ya ukumbi. Miwili mirefu, halafu wa tatu unaopanda na kukatika ghafla kama mtu aliyeumeza.

Wewe ndiwe uliyekuwa ukimshika kaka yetu Gisa shati pale juu ya ukuta wa ukumbi, Goma. Hatukuwa na pesa ya kuingia, tukapanda sisi watatu, na Gisa alikuwa mdogo mno, ilimbidi aushike ukuta kwa mikono yote miwili. Angepiga makofi angeanguka. Kwa hiyo akawa anapiga mluzi, kupitia lile pengo la meno alilolipata kwa teke la ndama, na wewe ukamwambia, "Meza huo wa mwisho, askari atatusikia." Tangu siku hiyo aliumeza kila mara, hata alipokuwa kijana mkubwa anayeingia kwa mlango.

Mara ya kwanza niliposikia nilikuwa namenya viazi. Nilijikata kidole. Walidhani nimeguswa na sauti ya Janvier, na Viateur akafurahi sana, akasema mke wa Jado anajua muziki.

Hujasahau kwamba Gisa alipanda boti ya Bukavu mwezi wa kumi wa mwaka 1996, wiki moja kabla ya vita, kwenda kutafuta kazi ya utingo. Hatujapata neno lake tena. Viateur aliwahi kuuliza bandarini na kwenye magari yote, hakuna anayemjua.

Nikauliza kaseti ni ya lini, nikijifanya nataka tu kujua. Viateur aliapa kwamba ni ya Noeli iliyopita, kwa sababu anayepiga ngoma ni Sebahire, na Sebahire aliingia katika bendi baada ya Pasaka ya mwaka jana, yule wa zamani alipofariki. Anamtambua kwa mkono wake wa kushoto mzito. Basi ni kweli kaka yetu alikuwa hai Noeli hii. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, dada, siku mbili tu. Kisha Nyirasafari akasema wanaouza kaseti huunganisha ya zamani na mpya, na makofi ya mwaka mmoja wanayabandika kwenye wimbo wa mwaka mwingine. Hajui aliniua.

Sasa nasikiliza kila siku Jado akiwa kazini. Nimemaliza betri za mwezi mzima. Siku nyingine ni yeye kabisa, namwona meno yake. Siku nyingine ni mlevi yeyote wa Bukavu. Nimesikiliza mpaka masikio yangu hayana ukweli tena.

Ninalia kwa sababu ya hili: Mama ameamua kumaliza msiba. Amesema miaka miwili na nusu inatosha, hawezi kuendelea kumwombea mtu ambaye yeye hajui amwombee kama mzima au kama marehemu. Ameandikisha misa ya marehemu Nyundo, tarehe 10 Aprili, Jumamosi baada ya Pasaka. Baada ya hapo tutakula, tutakunywa, na jina la Gisa litatajwa pamoja na la marehemu Baba. Kila jioni ananiuliza tupike nini siku hiyo. Namjibu. Namjibu kabisa, dada, maharage kiasi gani, ndizi kiasi gani, na ule mluzi uko masikioni mwangu.

Nikimwambia, na ikawa si yeye, nitakuwa nimemuua mara ya pili mbele ya mama yake. Nikinyamaza, na ikawa ni yeye, tutakuwa tumemzika mtu anayepiga mluzi.

Jado nimemwambia juzi. Hakunicheka. Alisikiliza mara moja, akazima redio, akasema atapanda boti kwenda Bukavu kumtafuta, akibeba picha. Boti ileile, dada. Njia ileile. Nilimshika shati kama ulivyomshika Gisa. Ameahidi hatakwenda mpaka wewe useme, lakini ukisema ndiyo, hakuna atakayemzuia, na mimi nina wiki saba tu naye.

Kwa hiyo nakutumia kaseti yenyewe. Hatuna nyingine. Anakuletea Epiphanie, mfanyabiashara wa vitenge, anayepitia Bujumbura. Nimevunja vile vipande viwili vya juu ili mtu asije akairekodia kitu kingine. Sikiliza mahali pasipo na watoto. Usimsikilize Janvier, ni mzuri mno, atakuvuta. Sikiliza nyuma yake.

Kama ni yeye, andika. Andika hata mstari mmoja, nitamzuia Mama kabla ya tarehe kumi. Kama si yeye, usiandike lolote, usinipe pole. Mpe Epiphanie kaseti anirudishie mikononi, bila barua. Nitaelewa, na nitaenda kununua maharage.

Mama anakusalimu, anadhani nakuandikia mambo ya harusi. Jado anamsalimu shemeji Bizumuremyi na kumbusu Tuyisenge. Mungu aliyewavusha salama awalinde hapo mlipo, na akupe masikio yale ya zamani.

Mimi mdogo wako akupendaye siku zote,
Gwiza

Kaseti nimeisimamisha palepale, kabla ya ubeti wa mwisho. Usiirudishe nyuma. Bonyeza tu.