Mkebe wa funguo za Isaac

Kasiva, Phanice ametuacha. Ni saa hii tu.

Damu ilianza kumtoka asubuhi, na mimba haijafikisha miezi. Tangu kura zitangazwe hakuna teksi inakanyaga Kawangware. Bwanake, Isaac, akakumbuka ile gari ya spoti ya kastoma iko gereji kwake, ile ya kuwashwa na button ufunguo ukiwa karibu.

Si unajua Isaac huficha funguo za makastoma kwa mkebe wa bati wa rangi, sababu ya waporaji? Akafungua gari, akarudisha ufunguo kwa mkebe, akafunga mfuniko vile amezoea, akampakatisha Phanice huo mkebe kitini.

Akabonyeza. Gari ikaandika ufunguo haupo. Haupo aje, na Phanice ameupakata? Akabonyeza tena. Akakimbilia betri, akakimbilia fyuzi. Fundi mzima, Kasiva!

Phanice akamwambia, “Isaac, wacha gari. Nishike mkono.”

“Ngoja kidogo, mama. Inawaka sasa hivi.”

Mikono ya Phanice ikalegea. Mkebe ukaanguka, mfuniko ukatoka, ufunguo ukateleza kwa kiti. Isaac akabonyeza tu, hata hajui anafanya nini.

Ikawaka.

Hiyo bati, Kasiva. Hiyo bati ilikuwa imeficha ufunguo hadi gari haiuoni.

Bado inanguruma hapo nje. Isaac hataki mtu aizime.