Nusu Inchi za Wasiwasi

Karakana ya Ushonaji,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo.
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda, na si juu ya ngazi ukipangusa mgongo wa kabati kama kawaida yako. Magoti yanasemaje? Na usingizi je? Nauliza usingizi kwa sababu siku hizi nimekuwa mdadisi wa usingizi wa watu, na sababu yake ndiyo habari ya barua hii.

Huku kaka mzima, binti yangu mzima, na mwenzangu wa karakana, yule tunayemwita Mama Vifungo, ni mzima na anaongea kwa watu wanne. Mimi ndiye niliyeugua. Usishtuke wala usipige kelele jirani aje. Sijalazwa, nakula, nashona. Nimeambiwa nina ugonjwa wa wasiwasi, ule usiochagua jambo moja bali unaoshika kila kitu. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana wewe ndiye uliyeniita Kidodosi kabla sijang'oa meno ya utoto, na safari hii nadodosa jambo ambalo jibu lake unalo wewe peke yako.

Mambo yalianzia kwenye makoti. Zahanati ya mtaa wa pili ilituletea kazi ya makoti thelathini ya wauguzi. Nilimpima kila mmoja kwa mkono wangu, nikaandika kwenye daftari. Ni kazi ambayo zamani ningeifanya huku nasinzia. Lakini kila nilipotandaza kitambaa mezani moyo uliniambia nimekosea. Je, kama kitasinyaa kikifuliwa? Nikaongeza nusu inchi. Je, kama yule muuguzi mwembamba alibana pumzi nilipompima? Nusu inchi nyingine. Kesho yake sikukumbuka kama nimeongeza au la, na kwa kuwa nguo ikizidi hupunguzwa na ikipungua ni hasara, nikaongeza tena. Kichwani nako sikuwa na nafuu. Cherehani ikilia vibaya kidogo, nilikwisha kuiona imekufa, wateja wamehama, Mama Vifungo kaniacha, mtoto katolewa shule. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimefilisika kabisa, na maji ya chai bado hayajachemka.

Siku ya kupeleka, muuguzi mkuu, mama mrefu asiye na maneno mengi, alivaa la kwake akasimama mbele ya kioo. Mabega ya koti yalimfika karibu na viwiko. Mle ndani angeweza kuingia na mwenzake, na nafasi ikabaki. Mama Vifungo alicheka, kisha akajidai anakohoa. Mimi niliinama kuokota pini zilizonianguka. Yule mama hakugomba. Alilivua, akalikunja vizuri, akaniuliza, “Fundi, unalala?”

Nikamwambia nalala.

“Tangu lini hulali?” akauliza tena, kana kwamba hakusikia jibu la kwanza.

Ndivyo nilivyofika kwa daktari, Shangazi, kwa mlango wa nyuma, nikiwa nimebeba makoti thelathini ya kupunguza. Daktari aliuliza kama mabega yananikaza, kama nachoka bila kazi, kama nakasirika kwa jambo dogo, na kama hali hiyo imepita miezi sita. Nikahesabu, nikaona imepita miaka. Akauliza kahawa nakunywa vikombe vingapi. Nilitaja vitatu, Mama Vifungo akiwa pembeni akaonyesha vidole sita. Wakanitoa damu kupima tezi ya shingo, maana kumbe tezi hiyo ikizidi kufanya kazi inaweza kuupeleka moyo mbio ukadhani ni hofu. Damu ikaonekana safi. Nikwambie kweli, nilisikitika. Nilitamani iwe tezi. Tezi kila mtu anaielewa, lakini ukisema unaumwa wasiwasi watu wanakwambia uache.

Nikapelekwa kwa mshauri, bwana mmoja mpole mwenye chumba cha viti viwili na feni inayolalamika. Jambo la kwanza nililomuuliza ni hili: kitu hiki kimetoka wapi? Nikamwambia mimi ni fundi, nguo ikivuta upande nafumua mshono mmoja mmoja mpaka nione pa kwanza palipokosewa. Akacheka kidogo, akasema ugonjwa huu mara nyingi hauna pa kwanza, una pengi. Nilirudi nyumbani nimeudhika, kisha nikaanza kupendezwa. Tangu hapo kila wiki naenda na daftari, yeye anadhani anatibu na mimi nadhani namhoji.

Pa kwanza tulipogusa ni damu. Anasema huelekea kutembea katika ukoo, ingawa kurithi mwelekeo si sawa na kurithi ugonjwa wenyewe. Akaniuliza nani mwingine nyumbani yuko hivi, nikacheka mpaka nikafuta machozi. Shangazi, kaka yako, yaani Baba, alinizika nikiwa hai mara ngapi? Nikichelewa robo saa kutoka shule, nilimkuta langoni amevaa viatu, ameshapita zahanati kuuliza kama wamepokea msichana aliyegongwa. Kazini kwake posta walimheshimu kwa kuwa hapotezi kifurushi hata kimoja. Sisi tuliokaa naye ndio tuliojua kwamba kila kifurushi alirudi nacho nyumbani kichwani. Tulimcheka, tukasema ndivyo alivyo. Je, alizaliwa hivyo? Wewe ulikua naye. Na babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, alikuwa mtu wa namna gani jioni watoto wakichelewa?

Sasa hapo kuna kinachonishangaza. Kaka yangu amezaliwa na baba huyohuyo na mama huyohuyo, amelala chumba kimoja nami, na hana hata chembe. Juzi nguzo ya umeme aliyokuwa anaitengeneza ilitoa cheche, akashuka, akala chakula chake, akalala fofofo. Nilimpelekea mshauri kesi hiyo kama mtu aliyemkamata mwongo. Akaniambia kitambaa kimoja hutoka nguo mbili. Watoto wengine huja duniani na moyo mwepesi wa kushtuka, na mambo ya maisha huwakuta wakiwa tayari wameinua mabega.

Nikakumbuka jinsi nilivyosifiwa. Nikiwa na miaka mitano nilimuuliza mgeni kama gari alilokuja nalo lina breki, watu wazima wakapiga makofi, wakasema mtoto huyu ana akili ya mtu mzima. Kila nilipoogopa nilipewa sifa, nikaogopa kwa bidii zaidi. Nadhani hilo ndilo kosa letu la kiukoo, Shangazi: wasiwasi tuliuita uangalifu, tukajivunia.

Mengine ni ya juzijuzi, na hayana siri. Miaka miwili ya kumuuguza Baba, baba wa mtoto kuondoka, karakana kuhamishwa mara mbili, na kahawa juu yake. Mshauri anasema mizigo ya muda mrefu humchosha hata aliyezaliwa na moyo mzito wa kushtuka. Akasema pia kwamba wanaopatikana na ugonjwa huu wengi ni wanawake, karibu wawili kwa kila mwanaume mmoja, na sababu zake bado zinatafutwa. Mama Vifungo yeye hahitaji utafiti. “Wanaume wanao,” alisema, “ila wao wanauita hasira.” Nimemwandikia hilo mshauri pembeni mwa daftari, naye hakulifuta.

Sasa nafika pagumu, naomba unisome polepole.

Mshauri aliniuliza kama utotoni kulikuwa na wakati ambao dunia iliacha kuaminika. Nilitaka kusema hapana. Kisha nikajikuta nazungumza kuhusu ile miezi minne tuliyokaa kwako, mimi nina miaka sita. Ulituambia Mama amesafiri. Ulitupa kila kitu, ulinimenyea machungwa, ulinilaza kitandani mwako. Lakini siku moja ulinichukua twende nyumbani kuchukua sare za shule, nikainama chini ya kitanda nikaona viatu vya Mama. Alikuwa na jozi moja tu ya kutokea. Sikukuuliza. Nilikaa kwenye gari njia nzima nikijiuliza mtu anasafirije bila viatu, na kwa kuwa hakuna aliyenijibu, nilijijibu mwenyewe, na majibu ya mtoto wa miaka sita, Shangazi, hayana huruma. Nadhani nilianza siku ile kumtazama kila mtu mzima usoni kuona anaficha nini.

Mama alirudi amekonda, tukaambiwa safari ilikuwa ndefu. Leo yeye na Baba wametangulia, na hakuna aliyewahi kunitajia jina la ugonjwa. Wewe ndiye uliyebaki. Sikulaumu hata kidogo. Mshauri alinionya mapema kwamba hatutafuti mkosaji, tunatafuta maelezo, na najua ulikuwa unatukinga. Hata hivyo nisingekuwa mkweli nikisema haikuuma. Iliuma, na bado inauma nikiwa mtu mzima mwenye mkasi mkononi.

Na usidhani nimekuzidi akili. Binti yangu, aliyetimiza miaka saba, ameanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Mimi nilikuwa nakwenda kwa mshauri kila Jumanne nikimwambia naenda sokoni. Wiki iliyopita akanipokea mlangoni, akaniangalia kutoka kichwani hadi mikononi, akaniuliza, “Mama, ulikwenda sokoni bila kikapu?” Nilikaa kwenye ngazi palepale.

Nikamwambia kweli yote. Kwamba Mama ana ugonjwa wa kuogopa kuliko inavyotakiwa, kwamba si wa kufa, kwamba anatibiwa kwa mazungumzo, na kwamba Jumanne ndipo anapokwenda. Akafikiri, akauliza kama unaambukiza kama mafua. Nikamjibu kwamba hauambukizi hivyo, ila watoto huweza kujifunza hofu kwa kutazama, na kwamba hata madaktari hawajui yote. Akasema sawa, akaomba mkate. Sitakupigia chuku kwamba tumbo lilipona siku hiyo. Kesho yake liliuma tena. Lakini sasa ananiambia linauma kwa sababu gani, na juzi sababu ilikuwa hesabu ya kugawanya, ambayo hata mimi ingenipa tumbo.

Mimi naendelea. Nimeshuka hadi kikombe kimoja cha asubuhi, natembea kwa miguu mpaka kazini, na nikitaka kuongeza nusu inchi Mama Vifungo anaificha chaki. Kuna siku nzuri na siku mbaya. Udadisi umenisaidia kuliko nilivyotazamia: nikiiuliza hofu imetoka wapi, inapunguza sauti.

Ndiyo maana nathubutu kukuandikia hili la mwisho. Barua zako mbili zilizopita hazikuwa na mwandiko wako. Maneno ni yako, utani ni wako, hata ile tabia ya kunisahihisha ni yako, lakini mkono ni wa mtu mwingine. Zote mbili zilisema “sisi huku wazima wa afya.” Nilimuuliza kaka, akatazama juu, na kaka akitazama juu najua ameapishwa asiseme. Ile methali ya mficha maradhi siimalizii, unaujua mwisho wake.

Kama ni mkono, niambie mkono. Kama ni macho, niambie macho. Kama ni jambo kubwa kuliko hayo, niambie jina lake kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya daktari. Najua unaogopa kuniongezea wasiwasi, hasa sasa baada ya kusoma haya yote. Lakini wiki tatu hizi nimekuuguza kichwani mwangu magonjwa kumi na moja, na huwezi kuwa nayo yote. Nipe lako moja tu, nitaliweza. Na habari ya Mama pia, ukiwa na nafasi ya kukumbuka. Nataka nikija mwezi ujao na binti yangu, tuje kumwona Shangazi kama alivyo.

Msalimie binamu na mkewe, na watoto wao wote wanaokumalizia sukari. Msalimie zaidi jirani, maana nadhani ndiye anayekushikia kalamu, mwambie mwandiko wake ni mzuri na namshukuru. Lakini barua ijayo naomba uandike wewe, hata kama ni mstari mmoja, hata kama herufi zitalala chali.

Mungu akupe afya, Shangazi. Na kama amekupunguzia, akupe moyo wa kuniambia.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye mzima au mgonjwa,

Kidodosi