Kikuba cha Mavyaa

Twahira, nimeharibu. Nimeharibu kabisa!

Leo kikuba cha maua cha mavyaa, mama wa mume wangu, kimenyauka kifuani mwake mbele ya wageni wa harusi. Akasema ni husda za majirani.

Nami na masomo yangu ya jioni: "Si husda, mama. Ua likimaliza kazi yake ya uzazi, chembe zake hai hujiua zenyewe, kwa mpango."

Kwa mpango! Mdomo huu!

Akanitazama. "Na mimi niliyemaliza kuzaa, mpango wangu ni lini?"

Nikajua darasa ndiyo basi, maana yeye ndiye anishikiaye mtoto.

Sasa hivi kaja kumpokea mtoto. "Nenda, utachelewa. Kamwambie mwalimu wako kuna ua hapa Mkomani limekataa."