Lita Saba Nilizomdai Murhula

Maman Cibalonza, mjane wa Bienfait
Kadutu, Bukavu
Tarehe 9 juni 2024

Mpendwa shemeji yangu, yaya Polycarpe, kaka mkubwa wa nyumba,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakuandikia siku ya Mungu, nimetoka misa ya kwanza na nyumba imetulia. Mguu wako unaendeleaje? Sista Laurette alituambia umeanza tena kutembea hadi kanisani bila fimbo, tukamshukuru Mungu kwa sauti. Na maman Mireille, presha yake imeshuka? Mwambie asiache dawa kwa sababu amejisikia vizuri wiki moja. Marehemu ndugu yako alifanya hivyo, na unajua ilivyoisha.

Sisi huku tuko wazima. Mvua imekatika, vumbi ya Kadutu imeanza kuingia hadi ndani ya masufuria. Watoto wanasoma. Mimi magoti yananisumbua nikipanda ngazi za sokoni, lakini nauza.

Barua hii anakuletea Sista Laurette mkononi. Sikutaka kupiga simu, kwa sababu ni kwa simu nilikuambia lile neno la mwaka jana, na nililisema kwa dakika tatu tu. Safari hii nataka usome polepole.

Shemeji, Murhula hakuniibia.

Acha nieleze tangu mwanzo, maana wewe uliambiwa mwisho tu. Unaijua gari aliyoniachia Bienfait, ile Noah nyeupe ninayoletea mchele na nyanya kutoka Kamanyola. Murhula, mtoto wa baba yenu mdogo, aliiendesha tangu Bienfait yuko hai, na Bienfait alipotuacha aliendelea nami. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2022, taa ya manjano yenye picha ya moteri ikawaka mbele ya usukani. Murhula akaniambia: "Maman, hii taa iko inasema kitu. Ni sonde za oksijeni. Zitatuomba dola mia mbili."

Sonde ni kidude kidogo kama buji, ile inayowasha moto wa injini. Kinakaa kwenye bomba la moshi, kinanusa kama moteri imechoma mafuta, ile esanse, vizuri ao imezidisha. Leo nakieleza kama fundi, lakini siku ile sikutaka kujua. Nilisikia dola mia mbili tu. Gari ilikuwa inapanda mlima wa Ngomo na magunia yake, haikohoi. Nikamjibu, "Murhula, ni taa iko na njaa ao ni wewe?" Alicheka kidogo. Baada ya wiki akarudia neno lile, na hakucheka tena. Mimi nikachukua picha ya gundi ya Bikira Maria niliyopewa kwenye hija, nikaibandika juu ya ile taa. Nilijiambia nimeiweka gari mikononi mwake. Ukweli ni kwamba sikutaka kuiona.

Kufika mwezi wa pili, safari ya Kamanyola kwenda na kurudi, iliyokuwa inakula lita kumi na tano, ikaanza kula ishirini na mbili. Lita saba zaidi kila safari, na safari ni mbili kwa wiki. Nilipouliza, Murhula akasema ni zile sonde. Nikaona anarudia wimbo wake. Mwenzangu mmoja wa sokoni akaniambia mashoferi wanauza esanse njiani kwa chupa, nami nikamwamini huyo niliyemfahamu miezi michache, nikamwacha mtu aliyekula kwangu miaka kumi na sita.

Unajua desturi ya shirika letu, sisi majirani wa parokia tunaosali pamoja kila wiki. Juma moja kabla ya Pasaka tunakaa pamoja, na mwenye neno moyoni juu ya mwenzake analitoa wazi, ili Pasaka imkute mwepesi. Murhula ndiye alikuwa mkubwa wa shirika. Ni yeye aliyeongoza sala, na ni yeye aliyeuliza nani ana neno. Nikasimama. Mbele ya watu ishirini na tatu nikasema, mkubwa wenu ananiibia lita saba kila safari.

Hakupiga kelele. Alifunga kitabu cha nyimbo, akakiweka mezani pamoja na funguo za gari, akasema, "Mungu iko anajua," akatoka. Kesho yake nikakupigia wewe, mkubwa wa familia. Ukasema mtu wa namna hiyo asitaje tena jina la baba yenu, na kwamba hutasimama kwa jambo lolote la nyumba yake.

Nikaajiri shoferi mwingine, anaitwa Fabien. Lita zikabaki ishirini na mbili. Shemeji, moyo ukiisha kuwa mgumu haujui kuhesabu. Nilisema Fabien naye amefundishwa na wenzake. Mwaka mzima nilimpigia kelele bure kijana wa watu, mpaka baada ya Pasaka ya mwaka huu nikaamua kumkamata mwenyewe. Tulijaza tanki mbele ya macho yangu. Nilifunga kifuniko, nikatia ufunguo wake kifuani, nikapanda mbele. Sikushuka hata kwa haja. Kule Kamanyola nililetewa muhindi wa kuchoma dirishani, nikala nimekaa. Tuliporudi Bukavu tukajaza tena: lita ishirini na mbili na kidogo. Fabien akanitazama, akasema, "Maman, leo tumeiba wote wawili?"

Kesho yake asubuhi tukampelekea fundi Léopold gari.

Léopold alichomeka mashini yake ya kupimia, kisha akaangalia mbele ya usukani, akabandua ile picha kwa ukucha. Taa ilikuwa inawaka. Akasema, "Maman, Bikira Maria hatengenezake sonde." Mafundi wenzake wakacheka. Akanionyesha kwamba sonde zote mbili zimekufa tangu zamani, na moteri, kwa kuwa haijui tena imekula kiasi gani, inamimina esanse tu. Nilimuuliza kama shoferi angeweza kulijua hilo mapema. Akajibu, "Shoferi muzuri angekuambia siku taa iliwaka."

Sasa ujue gharama, nisikufiche kitu. Kwanza nilifanya ujanja, nikanunua sokoni sonde mbili za okazio, zilizokwisha kutumika, dola thelathini kila moja. Siku kumi tu, taa ikarudi. Ikabidi kuagiza mpya, dola tisini na tano kila moja, fundi akachukua ishirini na tano, mashini kumi. Jumla dola mia mbili themanini na tano. Niliuza vitenge vyangu viwili vya wax, vile nilivyokuwa naviwekea harusi ya binti yangu. Léopold akanipigia pia hesabu ya zile lita saba kwa mwaka, ikakaribia dola elfu moja. Nilimwambia aache, kwa sababu nilichokuwa nimepoteza hakikuwa kwenye karatasi yake. Sasa gari inakula kumi na tano tena, na kila nikisikia kumi na tano naona aibu.

Mwezi uliopita nilienda Mumosho, kwa Murhula, pamoja na maman Adolphine anayeongoza shirika siku hizi. Murhula anafyatua matofali. Hapa mjini hakuna aliyempa gari tena. Kila mwenye gari alikuwa ameshasikia. Mke wake alituona tunatelemka akasema kwa nguvu, "Leo maman amepotea njia? Huku kwetu hakuna esanse ya kupima!" Murhula akamwambia, "Acha, mama Bintu. Mugeni apate kiti." Akanawa udongo mikononi, akakaa.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, akanitangulia. Ni yeye aliyeuliza.

"Ilikuwa sonde?"

"Ilikuwa sonde."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Murhula."

Kisha akauliza kama moteri haikuharibika. Hapo ndipo nililia, shemeji. Mtu niliyemnyang'anya jina anaulizia afya ya gari yangu.

Nilipiga magoti, akakataa, akaniinua kwa kiwiko. Alisema hana kisasi nami, lakini kurudi kwenye usukani hawezi sasa. "Maman, ulinisema mbele ya watu. Kuja kunisafisha huku Mumosho, mbele ya mbuzi, haitanisaidia." Na maman Adolphine akatikisa kichwa kwamba ni kweli.

Basi alhamisi iliyopita nilisimama katika shirika, mahali palepale, nikasema yote: taa, picha, lita, na jinsi alivyoniambia mara mbili nikamcheka. Kisha muzee Venant, unamkumbuka, yule aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akasema, "Sisi wote tulisikia mara moja tu, na tukaamini mara moja." Wakachagua watu watatu waende Mumosho kumwomba radhi kwa jina la shirika. Wameshaenda.

Imebaki nyumba yenu. Bintu, binti wa kwanza wa Murhula, amechumbiwa tangu januari na kijana mwenye adabu. Familia ya kijana wako tayari kuleta ng'ombe, na wanauliza ni nani wa ukoo wa baba atakayesimama kuzipokea. Hakuna. Ndugu wadogo wote wanasema yaya Polycarpe alikataza. Mjomba wa binti hawezi kusimama mahali penu. Wale watu wamengoja miezi mitano, sasa wanaanza kusema labda binti ana kasoro. Wakitoka, Bintu atabeba lawama ya esanse ambayo haikuibwa na mtu.

Shemeji, ulihukumu kwa neno langu. Mbele ya Mungu nasema kosa lile ni langu, wala sikutupii. Lakini neno la kufunga lilitoka kinywani mwako, na mimi siwezi kulifungua. Ningeweza ningelifungua jana. Najua si jambo jepesi mkubwa kurudisha alichosema, tena mbele ya wadogo. Mimi nimelifanya alhamisi. Linauma, kisha unapumua. Njoo mwezi wa nane ukiweza, usimame upande wa Murhula. Mguu ukikataa safari, msemeshe yeye kwanza, kisha waambie wadogo zako mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba ng'ombe za Bintu zipokelewe kwa jina la baba yenu. Usinitume mimi. Nikisema mimi watadhani bado ni maneno ya maman na gari yake.

Nisalimie maman Mireille na watoto wote, na yule mdogo ambaye bado sijambeba. Maman Adolphine na muzee Venant wanakupa mikono. Kaburi la Bienfait nililisafisha jumamosi, majani yalikuwa yamepanda hadi msalabani.

Mungu akulinde mguu na moyo, akupe usingizi mtamu, na akutangulie katika jambo hili kabla hujafungua kinywa.

Ni mimi, mke wa ndugu yako, nikupendaye na kukuheshimu kama siku ya kwanza niliyoingia kwenu,

Cibalonza

N.B. Namba ya simu ya Murhula ni ileile. Nilimuuliza kwa nini hakuibadilisha, maana alitukanwa sana kwa namba hiyo. Akasema, "Yaya Polycarpe iko anajua hii moja tu."