Mahindi Yaliyotutia Aibu

Bweri, Alhamisi, Aprili 1989

Wameyang'oa mahindi yangu ya mfano. Ile mistari ya pembeni niliyoinyima samadi makusudi, ili darasa la saba waone kwa macho yao udongo uliochoka unatoa nini. Mahindi mafupi, ya manjano. Mimi nilikuwaga najivunia.

Asubuhi mwalimu mkuu aliniita shambani. "Mwalimu, leo anakuja mgeni wa ofisi ya elimu. Haya mahindi yanatutia aibu." Nikamweleza kwamba hilo ndilo somo lenyewe. Akaleta watoto na majembe.

Mgeni alipita kwenye mahindi yaliyobaki, kijani kitupu, akafurahi. Nikamwomba mbolea, maana wazazi wanauza ng'ombe wao, na samadi waliyokuwa wakituchangia imekwisha. Alinijibu kwa upole kabisa, afadhali angefoka.

"Siku hizi serikali haina uwezo, mwalimu. Hiyo mbolea kidogo tunawapa wenye shida. Ninyi mmeshajitegemea."

Nikatafuta cha kumwonyesha kwamba nasi tuna shida. Kulikuwa na udongo uliochimbuliwa tu. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake.

Mke wangu anasema niache kazi, niuze dagaa kama walimu wenzangu. Ningemwambia nini, kwamba watoto wananihitaji? Watoto wenyewe wanajua jembe ni adhabu ya kuchelewa.

Basi. Mwakani sitakuwa na haja ya kutenga mistari ya mfano. Shamba zima litakuwa la manjano, na darasa litaelewa bila mimi kusema neno.