Alama za Kuelekea Ziwani

Shamba la Yarloo
5 Februari 1984

Mwanangu Merryn,

Hujambo mama? Na mumeo hajambo? Mimi ni mzima, ila goti linanung'unika kama kawaida yake, na joto la wiki hii limeua kuku kivulini. Kondoo wanajikaza.

Nina shida, na fundi wa matairi katika ukoo huu ni wewe. Matairi ya pikapu yamebaki vipara. Juzi moja limenipasukia nikienda kisimani, nikarudi kwa miguu nikitukana njia nzima. Sasa nichague yapi? Barrie wa lori la posta ananiambia niweke magurudumu makubwa, yale marefu membamba, pikapu inyanyuke na tumbo lisikwaruze mawe. Bi Pfitzner, jirani yetu ambaye hajawahi kubadilisha hata balbu, alidakia kwenye redio ya mawasiliano, wilaya nzima ikisikia, eti kwenye mchanga ni madogo manene tu. Nikamwambia, "Bibi wee, rudi kwenye keki zako." Alicheka mpaka redio ikakoroma.

Nataka gari linaloweza kukanyaga lile ziwa kavu la chumvi. Usinikasirikie. Najua tangu kaka yako Darcy aingie pale na gari lake asirudi, tuliapa hakuna mtu wa nyumba hii atakayeendesha juu ya chumvi ile. Lakini kuna mtu anapita. Kila asubuhi nakuta alama za matairi zinaanzia langoni kwetu na kwenda ziwani. Ni pana, viganja vyangu viwili vinaenea ndani, na katikati kuna mstari uliopindapinda kama nyoka. Upepo huzifuta mchana, na kesho yake zipo. Gari lenyewe sijalisikia hata mara moja. Alama za kurudi sijaziona.

Nijibu upesi, mama.

Baba yako,
Clem


Port Augusta
13 Februari 1984

Baba mpendwa,

Nimeipata barua yako. Sisi wazima, joto hata huku linatuchoma. Hilo goti lipake ile dawa niliyokuletea Krismasi, wala usiniambie umempaka mbwa.

Mambo ya magurudumu nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja: Bi Pfitzner amesema kweli, pole sana. Rimu kubwa na tairi jembamba ni kisu, hukata chumvi ya juu na kuzama kwenye tope la chini. Rimu ndogo yenye tairi nene ukilipunguzia upepo hutanuka na kutambaa juu kama mguu wa ngamia. Nilikuwa nimekwisha kukufungia manne manene, mapya, nimeyaandika jina lako kwa chaki.

Halafu wakati wa chakula cha mchana nikaisoma barua yako tena, nimekaa juu ya hayo hayo matairi. Nikaweka viganja viwili juu ya moja. Vikaenea. Katikati kuna mstari uliopindapinda. Baba, matairi haya yametufikia mwezi huu huu. Hatujamuuzia mtu hata moja. Huko kwenu hakuna aliye nayo.

Bosi aliniuliza, "Vipi, umeona jini?" Nikamwambia nimeshiba vibaya. Nikayafungua yote manne nikayarudisha rafuni. Ninakutumia makubwa membamba badala yake. Ni magurudumu mazuri kwa mawe na njia ya kisimani, ila ziwani hayafai kabisa, na ndiyo maana nimekuchagulia hayo. Huenda mimi mpumbavu. Bora niwe mpumbavu.

Usiende ziwani, baba. Nakuomba.

Mwanao,
Merryn


Shamba la Yarloo
25 Februari 1984

Mwanangu Merryn,

Habari za huko? Mimi nipo, usingizi tu ndio umepungua. Redio nayo inaumwa. Katikati ya taarifa ya hali ya hewa unasikia muungurumo, kama injini ya gari inayopanda mchanga. Barrie anasema ni waya. Sawa, ni waya.

Magurudumu yamefika, asante sana. Tuliyafunga pamoja na Barrie. Pikapu sasa imesimama kama kuku aliyeazima miguu ya mbuni. Barrie akasema, "Clem, utahitaji ngazi ya kupandia." Nikamwambia yeye atahitaji ya kushukia nikimrusha juu ya paa. Tulicheka. Sikumwambia nilichokiona asubuhi ile, yeye akiwa bado njiani na mzigo wako juu ya lori lake.

Alama zilikuwa zimebadilika. Hazikuwa pana tena. Nyembamba, zimekata mchanga kama kisu, kama ulivyoandika mwenyewe. Baadaye nilipoitoa pikapu kwenye kibanda nikashuka kulinganisha. Ni zile zile, Merryn.

Basi nikazifuata kwa miguu mpaka ufukweni. Alama zinaonyesha gari lilisimama pale chumvi inapoanza. Upande wa kushoto, penye mlango wa abiria, kuna nyayo za buti. Zimetoka ziwani, mama, zimekuja mpaka mlangoni, zikaishia hapo. Aliyezikanyaga anaburuta mguu wa kulia. Unamjua aliyekuwa akiburuta mguu wa kulia tangu aanguke kutoka kwenye farasi. Kutoka hapo gari limeingia ziwani moja kwa moja, mpaka macho yakashindwa na mng'ao.

Dereva ni nani, sisemi. Abiria namjua. Amesimama pale siku zote hizo akingoja mtu ampe lifti, na mimi nipo hapa nanywa chai.

Baba yako,
Clem


Port Augusta
5 Machi 1984

Baba,

Sina salamu leo, utanisamehe.

Yavue magurudumu yote. Makubwa, ya zamani, hata lile la akiba. Pandisha pikapu juu ya mawe. Nilidhani kazi yangu ni kuchagua kati ya makubwa na madogo, kumbe nilikuwa nakuchagulia alama tu. Njia ni ile ile.

Nami namtaka Darcy. Kila gari likiingia dukani kwetu mimi huangalia kwanza nani anashuka. Lakini Darcy angekuja nyumbani, baba. Angeingia na buti zake chafu mpaka jikoni, afungue jokofu, aulize chakula kiko wapi. Asingekungoja ufukweni.

Nakuja Jumamosi. Nimempigia simu Bi Pfitzner akufikishie habari kwa redio, lakini kwa jinsi redio yako ilivyo nakuandikia pia. Barrie atakuletea barua hii Ijumaa. Sikiliza vizuri. Nitakuja kwa njia ya kusini, barabara ya posta. Nitafungua lango mwenyewe na kuingia mpaka ndani. Sitapiga honi. Gari lolote litakalosimama langoni na kupiga honi, hata ukiniona mimi ndani yake, hata ukimwona nani, usitoke.

Mwanao,
Merryn


Shamba la Yarloo
Ijumaa, 9 Machi 1984

Mwanangu Merryn,

Hujambo mama? Mimi leo nina nafuu. Barrie amechelewa, kumenyesha huko kusini na nadhani amekwama mtoni, kwa hiyo sijapata barua yako kama umeandika. Lakini Bi Pfitzner nimempata kwenye redio, kwa vipande vipande. Nimesikia "Merryn anakuja", na "vua magurudumu". Mengine yote yakamezwa na ule muungurumo. Basi nimeyavua. Yamelala kibandani, na pikapu imekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Umefurahi?

Nimekuandalia kitanda chako cha zamani. Kuna nyama ya kondoo na viazi. Nilitaka kukuambia kwamba nimefikiri sana, na kama utanitaka nikae kwenu mjini kwa muda, sitabisha sana kama

Ah, umeshafika! Umepiga honi nikaruka kitini. Bi Pfitzner hakuniambia siku, mzee yule. Nakuona kupitia dirisha, ingawa vumbi ni jingi. Mbona umetokea upande wa ziwa? Na gari hilo lenye miguu mirefu mumeo amelinunua lini?

Mko wawili. Hukusema unakuja na mtu. Huyo wa kushoto ameinamisha kichwa, kama mtu anayeona aibu kwa kuchelewa.

Honi tena. Naja, naja, subirini kidogo. Sufuria nimeipunguzia moto.

Baba yako,
Clem